Alama Nyekundu Kitakoni mwa Chupa

Chupa ya wiski ikiisha nyumbani kwako, ivunje. Usiiache kwenye kichanja cha vyombo ikisubiri mtu aiombe, na akija wa kuiomba usimpe, hata kama ndiye aliyemshika mwanao siku ya ubatizo. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu najua kina mama tuna kazi, hatumalizi kusoma. Ukiishia hapa umeshapata la maana. Mwenye nafasi anisikilize hadi mwisho.

Mimi ni Tekla, mama Brighton, nakaa Mtanda hapa Lindi. Mume wangu Xaveri alikufa kwa nipa. Sisi tuliotoka kwenye milima ya Wamakonde tunaijua nipa: mabibo ya mkorosho yanakamuliwa, yanachachushwa, yanachemshwa, na kile kinachodondoka mwisho wa mrija ukikipelekea kiberiti kinawaka. Xaveri aliinywa vilabuni, na siku moja wakanirudishia amelazwa juu ya mkokoteni. Brighton alikuwa darasa la tano. Ndiye aliyefungua mlango.

Kwa hiyo alipokwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi simu nilikaa roho juu. Alirudi baada ya miaka minne na koleo zake ndogo, lenzi ya kuvaa jichoni, na chupa ya wiski ndani ya begi. Hakuificha. Aliiweka mezani mbele yangu.

"Mama, mimi nakunywa," akasema. "Bosi wangu kule ndiye aliyenifundisha. Sinywi hovyo. Ila sitaki uje kuambiwa na watu."

Nilimtazama, kisha nikamwambia, "Utakunywa hapahapa. Nitakumiminia mimi. Siku nikisikia umeonekana kilabuni, ufunguo nautupa chooni."

"Ufunguo gani?"

"Wa kabati nitakalolinunua kesho."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kabati nililinunua, la vioo, lenye kufuli.

Tukaenda hivyo miaka mitatu. Jumamosi akishafunga kibanda chake sokoni, anaoga, anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Mimi nafungua kabati kwa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga, natoa glasi moja fupi nzito, namimina kwa kikombe cha kahawa. Vikombe viwili, basi. Kipande kimoja cha barafu. Korosho za kukaanga kwenye kisahani. Mwanzoni nilikuwa namimina nimegeuza uso, kama mtu anayeosha kidonda cha mwenzake. Baadaye nikazoea, na niseme ukweli, nikaipenda saa ile. Brighton habugii. Anaizungusha glasi taratibu, anainusa kwanza, anaweka tone ulimini, halafu ndipo anaanza kunisimulia ya wiki nzima.

"Nusa, mama. Hii si nipa. Hii ina harufu ya mbao."

"Mbao za jeneza."

"Haya, shauri yako. Unakosa mambo."

Nilijiona nimeshinda. Wenzangu wanawatafuta watoto wao vichochoroni, wangu yuko barazani kwangu, nahesabu vikombe vyake. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu sikukihesabu: nani anaingia na kutoka humu ndani.

Sasa nieleze habari ya alama. Hapa mtaani kukiwa na msiba au harusi, vyombo vinakusanywa nyumba kwa nyumba, na kila mwanamke ana alama yake kitakoni mwa sufuria na sahani ili virudi kwa mwenyewe. Mwingine anafunga uzi, mwingine anapaka rangi ya mlango. Mimi naandika T na X, Tekla na Xaveri, kwa rangi nyekundu ya kucha. Nimeandika masufuria, ndoo, kinu, mpaka beseni la kuogea. Na chupa za Brighton niliziandika pia. Ikiingia mpya kabatini naigeuza, napaka T X pale chini kwenye kishimo, naiacha ikauke. Sababu sina. Ni woga tu. Kitu chenye alama yangu nakiona kama hakiwezi kunipotea.

Aliyenitania kuliko wote ni Dativa.

"Shoga yangu, huyu Brighton umemwandika wapi? Kisiginoni? Leteni mguu wa mtoto tuone!"

Dativa ni mama wa ubatizo wa Brighton. Tulihama pamoja, tulijifungua mwaka mmoja, wake akafariki na wangu akabaki, na kwa muda Brighton alinyonya kwetu sote wawili. Xaveri alipokufa Dativa alilala kwangu siku arobaini. Nyumba yake ni ya tatu kutoka yangu. Anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anauliza kwa nini chumvi haijakolea.

Na kulikuwa na kazi moja nyumbani kwangu ambayo ilikuwa yake. Kwetu kinywaji hakigawiwi wageni kabla mwenye nyumba hajakionja wakimwona. Ni namna ya kusema, kunyweni kwa amani, kilichomo mimi nimekipitisha kooni kwangu. Mimi nina presha, daktari alinikataza hata tone. Kwa hiyo kila tukipata wageni Dativa ndiye anaonja kwa niaba yangu. Anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, anasema, "Imepita!" Watu wanacheka, ndipo wanakunywa.

Chupa zikiisha alizichukua yeye. Alikuwa anakwenda Njinjo, huko Kilwa, kununua asali, anasema wateja wanaitaka kwenye chupa za vioo. Na kweli asali niliiona. Mara mbili aliniletea, kwenye chupa zangu mwenyewe, alama zangu chini. Ningeshuku nini? Nilikuwa naziosha kwa maji ya moto kabisa kabla sijampa.

Mwaka huu mwezi wa nne Brighton akapata mchumba, Happiness, anafundisha watoto wa chekechea Kilwa Masoko. Baba yake, mzee Francis, akatuma ujumbe kwamba kabla ya mambo ya barua na mahari anataka kuja mwenyewe kuona nyumba atakayoolewa binti yake. Tukamwambia karibu. Nilipika wali wa nazi, kuku na kisamvu. Dativa alikuja tangu asubuhi akakuna nazi zote, akanifokea kwa sababu nilitandika kitambaa cha zamani.

Mzee Francis alifika saa saba mchana. Mtu mpole, mrefu, anazungumza kama anayepima maneno. Baada ya kula akachukua mfuko wake, akatoa boksi.

"Nimeambiwa kijana anapenda kitu kizuri na anakinywa kwa heshima, nyumbani, mbele ya mama yake," akasema. "Hilo limenifurahisha. Nimeichukua dukani pale Masoko. Si kubwa, lakini ni ya moyo."

Brighton akapokea kwa mikono miwili. Nikaleta glasi. Nikampa Dativa chupa afungue na aonje, kama siku zote.

Dativa aliitoa kwenye boksi huku anacheka, "Haya, bibi harusi atoke ndani." Akaigeuza juu chini. Kicheko kikakatika. Mimi nilimwona, nimeketi mkono mmoja tu kutoka kwake, nikadhani ni jino lake linamsumbua. Akaisimamisha mezani taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Leo mnisamehe," akasema. "Nameza dawa za malaria."

"Tangu lini?" nikamuuliza. Nazi zote alikuwa amekuna yeye.

"Tangu jana, shoga. Kichwa."

Mzee Francis anatutazama. Mimi nikaona aibu, mgeni ataelewaje kinywaji chake kimekataliwa? Brighton akaniokoa.

"Mama, hii ni ya kiwandani. Tazama, kizibo hakijaguswa. Sumu itapitia wapi? Nitaonja mwenyewe." Akafungua, kizibo kikalia tak-tak-tak kama vinavyolia vyote. Akanusa. Akakunja uso kidogo.

"Vipi?" akauliza mzee.

"Kali, baba."

"Mbao zipo?" nikamtania.

"Mbao leo zimesafiri."

Tukacheka. Nawaambia tulicheka. Dativa naye alicheka.

Siku ile nilivunja sheria yangu ya vikombe viwili. Mzee alisema, "Mmiminie kijana, leo ni siku yake," na mimi nitamkatalia vipi baba mkwe? Yeye mwenyewe alionja kidogo sana, alikuwa na gari la kurudi saa kumi. Brighton alikunywa kikombe cha tatu, cha nne, cha tano, si kwa ulevi, ni kwa adabu, ili zawadi isionekane imedharauliwa. Kila kikombe nilimimina mimi, kwa mkono wangu huu. Dativa aliaga kabla hatujaondoa sahani. Mlangoni alisimama, akageuka kama mwenye neno.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Kitambaa kimependeza."

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa napiga pasi nguo za kanisani. Brighton akaita kutoka chumbani.

"Mama, nani anabangua korosho ndani?"

"Korosho gani? Amka, tutachelewa misa."

"Mbona moshi umejaa?"

Niliingia. Dirisha lilikuwa wazi, jua limeingia mpaka kitandani. Mwanangu ameketi macho wazi, anapunga mkono mbele ya uso wake. "Naona weupe tu, mama. Mkono wangu siuoni." Kisha akatapika.

Hospitali alitupokea daktari msichana, mwenye haraka. Aliuliza maswali matatu: amekunywa nini, saa ngapi, chupa iko wapi. Nikamwambia ni wiski ya dukani. Akatikisa kichwa. "Mama, nenda kalete hiyo chupa sasa hivi. Na kama kuna mtu anayejua kilichomo, mlete au uje na jibu lake. Macho haya hayasubiri. Roho pia haisubiri."

Akapiga simu Kilwa kwa namba niliyompa. Mzee Francis alikuwa ameamka na kichwa kizito na tumbo linalosokota. Akaambiwa akimbilie hospitali.

Nilirudi na bodaboda. Nikafungua kabati. Zilikuwamo chupa mbili: ya mzee, imebaki robo, na ya zamani ya Brighton, nusu, tuliyokuwa tunaitumia tangu Pasaka. Nikashika ya mzee, na mkono ukaigeuza wenyewe, kwa mazoea, kama ninavyozigeuza zote nizipake alama.

Alama ilikuwapo.

T na X. Imechubuka, lakini ipo, nyekundu, na mguu mmoja wa X umeteleza pembeni. Mguu ule naukumbuka. Nilikuwa napaka, Dativa akanisukuma kiwiko akiniuliza kama nitawaandika hata mbu. Chupa iliyotoka nyumbani kwangu tupu, imekwenda Kilwa, imevaa karatasi mpya na kizibo kipya, imerudi imejaa.

Nikazibeba zote mbili, maana nilikuwa sijiamini tena kuitambua ipi ni ipi, nikaenda nyumba ya tatu.

Dativa alikuwa hajaenda misa. Ameketi uani, hajafunga hata kitambaa kichwani. Sikumsalimu. Nikaigeuza chupa mbele ya macho yake.

"Umeweka nini humu?"

"Mama Brighton, karibu kwanza ukae..."

"Brighton haoni. Daktari anataka jina la kitu. Umeweka nini?"

Akainuka nusu. "Haoni vipi?"

"Dativa! Nini?"

Akasema. Alisema haraka, anatazama chini. Kwamba msimu wa mabibo ukiwapo wanatumia nipa na sukari ya kuunguza kupata rangi, na hakuna aliyewahi kuumwa. Kwamba msimu umepita, mabibo hakuna, yule anayeshirikiana naye akaleta dumu la spiriti ya kiwandani, ya kuchanganyia rangi za mbao, akamwambia ikizimuliwa na maji haina neno. Kwamba vizibo na karatasi anavileta huyohuyo. Kwamba asali ilikuwa kweli, mwanzoni.

"Jana uliiona alama," nikamwambia.

Akavuta kanga yake mpaka kichwani.

"Uliiona ukaisimamisha mezani. Ukasema malaria."

"Ningesemaje mbele ya mkwe, Tekla? Ningesema hii nimeitengeneza mimi? Nilidhani atakunywa kidogo. Wewe siku zote unampa vikombe viwili."

Nimelisikia neno hilo kila siku tangu siku ile. Wewe siku zote unampa vikombe viwili. Alikuwa ameketi pale akitegemea ubahili wangu umwokoe mwanangu, ili yeye asiaibike.

Nilitaka kumpiga na ile chupa. Kilichonizuia ni kwamba ndani yake mlikuwa na ushahidi anaousubiri daktari.

Daktari alipolisikia jina la spiriti akasema, "Nilijua." Akanieleza kwa ufupi. Dawa yenyewe imeagizwa mbali, itachukua muda. Lakini kuna kitu kinachozuia sumu ile isiendelee kuharibu mwili, nacho ni pombe halisi, kwa kipimo, kwa saa, mgonjwa akiangaliwa. Msije mkafanya hivi nyumbani, nawaomba kwa jina la Mungu. Hata yeye alikuwa anapiga hesabu kwenye karatasi, anapima damu, anarudia.

"Mama, unaweza kupata wiski ambayo una uhakika nayo? Uhakika kabisa?"

Katika mji mzima wa Lindi, mimi ningemwamini nani dukani? Nikaweka mezani ile chupa ya pili, nusu, aliyoinywa Brighton wiki mbili akaamka mzima. Aliigeuza akaona T X chini.

"Hii nini?"

"Ni yangu," nikasema. "Hii haijatoka nje ya nyumba yangu."

Basi nikakaa kando ya kitanda cha mwanangu mchana kutwa. Nesi anapima, ananipa kikombe, mimi namnywesha kwa kijiko, taratibu. Mimi niliyezika mume kwa pombe nilikuwa nambembeleza mtoto wangu, kunywa baba, bado kijiko kimoja. Brighton alikuwa amelegea, lakini kijiko cha kwanza kilipogusa ulimi akavuta pumzi ya pua.

"Hii ndiyo ile yetu," akasema. "Mbao zimerudi."

Nikachota kijiko kingine.

Roho yake ilipona. Mzee Francis naye alipona, macho yake hayakuguswa. Siku ya tatu dawa ilifika, wakamsafisha Brighton damu, wakafanya walilojua. Jicho la kulia linaona mwanga na kivuli cha mtu akipita. La kushoto linaona vidole ukivisogeza puani. Fundi aliyekuwa akichomelea vitu vidogo kuliko punje ya ufuta ameweka lenzi yake ndani ya soksi, soksi ndani ya begi.

Askari walikuja wakati bado tuko wodini. Wakaniuliza alama ile ni ya nani. Nikasema yangu. Wakatazamana. Ndipo nilipojua Dativa alikuwa ameshahojiwa, na alichowaambia ni hiki: chupa zote ni za mama Brighton, alama zake hizo hapo, mwulizeni yeye anazipeleka wapi. Mwanamke aliyelala kwangu siku arobaini za msiba. Nilitoa maelezo kuanzia asubuhi hadi saa nane. Aliyeniokoa ni daktari yule, aliyeandika kwamba ni mimi niliyeleta chupa na jina la sumu, na mzee Francis aliyewapeleka mpaka kwenye duka alikonunua. Hayo mengine yako mahakamani, siyasemi.

Happiness alikuja na baba yake. Sikujua nimkaribishe kwa uso gani. Alinipa shikamoo, akaenda moja kwa moja kuketi miguuni kwa Brighton, akamsomea gazeti la michezo kama waliachana jana. Sijui mwisho wao. Simuulizi. Bado anakuja.

Kina mama, mimi nilifunga kabati nikadhani nimefunga hatari. Nilimlinda mwanangu na vilabu, na vichochoro, na marafiki wabaya, na hatari ikaingia bila hodi, ikafunua sufuria, ikauliza chumvi. Kama mtoto wako anakunywa nyumbani na wewe unammiminia, sikulaumu, nami nilifanya hivyo. Lakini anayetakiwa kuonja asipoonja, usimwonee haya mgeni. Ondoa chupa mezani. Mgeni atanuna, atapanda gari, atasahau. Na ikiisha, ivunje, vigae uvifukie wewe mwenyewe. Usiseme huyu anayeiomba ni wangu.

Wiki iliyopita kulikuwa na msiba mtaa wa pili, vyombo vyangu vikaenda, vikarudi vimechanganyika na vya watu. Nilikuwa nimekaa uani navitenganisha. Brighton akaja akipapasa ukuta, akaketi kwenye mkeka, akachukua sahani moja, akaipitisha kidole chini. Rangi ya kucha ikikauka inainuka kidogo. Mimi nilikuwa sijui.

"T, X. Hii yetu," akasema, akaiweka kulia. Akachukua nyingine, akapapasa. "Si yetu."

Akaendelea hivyo mpaka zikaisha, hakukosea hata moja. Halafu akanyoosha mkono, akiwa bado anatazama pembeni, akauliza kama kuna chombo kingine chochote cha kutambua.

Nikamwambia hakuna.